Chumba cha Miche ya Sabuni

"Dada, hicho kiti nilikiona mimi kwanza."

"Wewe ulikiona. Mimi nimekikalia."

Jumamosi ile ukumbi wa kompyuta ulijaa mpaka watu wakasimama mlangoni. Msichana alivaa gauni la njano na kitambaa cha maua kichwani. Alikuwa dobi, na mikono yake ilinukia sabuni. Kijana alikuwa kinyozi. Shati lake jeupe lilipigwa pasi vizuri, ila vinywele vya wateja vilikuwa bado begani. Kompyuta iliyobaki ilikuwa moja, wakakubaliana kuitumia pamoja.

Kinyozi akafungua mchezo aupendao, wa vijitu vyenye ndevu vinavyochimba mlima na kujenga mji ndani yake. Hospitali ya mji ilifurika. Kila aliyejeruhiwa alilala, kidonda kikaoza, akafa.

"Watu wako hawaoshwi?" dobi akauliza.

"Kwani kuna sabuni humu?"

"Kinyozi gani wewe! Hebu tafuta."

Ilikuwemo, ila ilitaka kazi: kuchoma magogo yawe majivu, kuyachuja majivu yatoe maji makali, kuyeyusha shahamu, kisha kuchemsha vyote pamoja. Mche wa kwanza ulipofika hospitalini, tabibu akaosha kidonda, na mgonjwa akainuka. Dobi alipiga makofi, ukumbi mzima ukageuka.

Tangu hapo mji ukawa wa wawili, na baada ya muda wakawa wapenzi. Dobi akamwita mwenzake Wembe, naye akaitwa Povu. Povu akachagua mchemsha sabuni mmoja wa kike, akampa jina la Mama. Mama yake mzazi alikuwa amefariki kwa kidonda cha mguu.

"Huyu simziki," alisema, na Wembe hakucheka.

Siku moja Povu aliingia ukumbini peke yake. Akamkuta Mama amelala hospitalini, mguu umeraruliwa na mnyama. Tabibu alikuwa amesimama mikono mitupu, na ghala halikuwa na sabuni hata chembe. Akapiga simu.

"Wembe, miche yetu ya sabuni iko wapi?"

"Aa... nimejengea, mpenzi."

"Umejengea nini?"

"Usiniulize sasa. Ni siri. Halafu nina mteja."

"Mama anaoza mguu, wewe unaniletea siri? Basi kaa nayo!"

Simu ikakatika. Kule kibandani kwake, kinyozi akabaki na mashine ya kunyolea hewani.

"Mzee wangu, nisamehe, narudi sasa hivi."

"Unarudi? Na huu upande wa pili wa kichwa changu?"

Lakini kijana alishafika barabarani, aproni ikipepea.

Wembe alipoingia ukumbini, Povu hakuinua macho. Alikuwa ameagiza magogo yakatwe na kuchomwa, midomo yake ikisema taratibu, "Ee Mungu, usiniache."

"Povu..."

"Usiniite Povu. Sabuni yenyewe umeshaimaliza."

"Majivu hayatawahi. Hebu nisogelee nikuonyeshe."

Wembe akashika kipanya, akashuka kwenye skrini mpaka chini kabisa ya mlima. Palikuwa na chumba cheupe pe, kila tofali la ukuta ni mche wa sabuni. Ndani kulikuwa na kitanda cha watu wawili.

Povu akasogea karibu na skrini. "Hiki cha nini?"

"Nilitaka ukione Jumamosi, halafu nikuulize jambo. Sikuikumbuka hospitali. Nimekosa." Akamsogezea kipanya. "Bomoa."

"Kazi yako yote hii?"

"Bomoa, mpenzi. Mama kwanza."

Wakabomoa. Kila tofali lililotolewa likarudi kuwa sabuni. Kijitu kimoja kikabeba mche, kikapanda ngazi polepole kana kwamba hakina haraka na mtu. Tabibu akaosha mguu, akaufunga. Walingoja, bega kwa bega. Hatimaye Mama akaketi, akachukua mkongojo, akachechemea moja kwa moja hadi kwenye sufuria lake la sabuni.

"Asante, Mungu," Povu akasema, akilia na kucheka kwa pamoja. Akajipangusa kwa ncha ya kitambaa. "Haya. Uliza lile jambo lako."

"Nitaulizaje? Chumba hakipo tena. Umebaki mche mmoja tu."

"Mche si hupandwa ukaota? Uliza, Wembe. Halafu ukamalizie kichwa cha mzee wa watu."

Akauliza. Jibu lilisikika mpaka mlangoni.