Maoni Tisa na Moja

Kila asubuhi kabla ya shule, msichana Jokébed alipanga matairi mbele ya duka la baba yake, Abdias, mjini Butembo. Kisha alifungua daftari ambamo aliandika maoni ya wanunuzi, ili wanaokuja baadaye wajue la kuchagua.

Asubuhi moja ya vita, risasi zililia mlimani. Majirani walikuwa wakifunga milango wakati gari fupi jekundu la mbio liliposimama pale dukani. Vioo vilikuwa vimepasuka, matairi yamelika, na damu ya mwenye gari bado mbichi kitini. Komanda mmoja wa wapiganaji alishuka, akampiga Abdias usoni kwa kitako cha bunduki.

"Naenda Beni mbio-mbio! Weka pneu ya nguvu. Na wewe utapanda nami. Ikipasuka njiani, nakuua pale pale!"

"Ndiyo, chef," alijibu Abdias. Damu ilimjaa machoni, hakuona kitu. Akamgeukia binti yake: "Jokébed, mama, soma mu cahier yako ya maoni."

Jokébed alisoma kwa sauti. Aina mbili tu za matairi zililitosha gari lile. Ya kwanza ilikuwa na maoni tisa: "Ya muzuri sana!" "Inang'aa!" Ya pili ilikuwa na moja tu, la dereva Melchior: "Inapiga kelele. Lakini nimekimbia nayo Beni miezi tatu, mvua na mawe. Haijapasuka."

Kidole cha Jokébed kilielekea kwenye tisa. Halafu akakumbuka kwamba maoni ya wale tisa aliyaandika siku ileile ya kununua, wakicheka, kabla ya kufika hata barabarani.

"Weka ya Melchior, papa," alisema.

Komanda alicheka. "Moja inashinda tisa? Huyu mutoto hajui kuhesabu!"

"Najua, chef. Lakini ni yeye tu alikimbia nayo."

Matairi yalipofungwa, gari liliondoka na baba yake ndani. Jokébed hakula wala kulala.

Kesho yake Abdias alirudi juu ya lori la maharagwe, jicho limevimba. Walikuwa wameruka mashimo na kupita maiti kando ya njia, lakini hakuna tairi lililopasuka. Walipofika Mulekera, mjini Beni, komanda alimsukuma nje, akaenda zake.

Jokébed alimkumbatia akilia.

"Sikiliza, mama," Abdias alisema. "Mutu anayesifu siku ya kununua anajisifu yeye mwenyewe, hapana pneu. Ngoja atumie kwanza. Halafu umuulize: gari gani, njia gani, siku ngapi? Akikosa jibu, mupe chai, lakini usiandike."