Mstari Mmoja wa Xavery

Uvumi ule niliusikia bombani, na mpaka leo unanikereketa kama vumbi la tumbaku: eti kipimo cha haraka cha korona kikitoa mstari mmoja, wewe uko salama na nyumba yako nzima iko salama. Niliucheka, lakini haukunitoka kichwani. Na siku niliyopaswa kuutema, ndiyo siku niliyoumeza.

Sisi ni wakulima wa tumbaku hapa Usoke. Msimu ule nyumba ilitulia. Binti yangu Esperansi, miaka saba, mwenye pumu, alikuwa na miezi minne hajabanwa kifua. Nikamshukuru Mungu mapema mno.

Kaka mkubwa wa mume wangu, shemeji Xavery, akarudi na treni kutoka Dar es Salaam. Jumatatu akapandwa na homa. Nilimsindikiza zahanati. Nesi Dafrosa akamwingiza kijiti puani, tukangoja dakika kumi na tano, ukatoka mstari mmoja.

"Baba, usifurahi," nesi akasema. "Homa imeanza leo. Virusi vikiwa bado vichache, kipimo hiki kinaweza kisivione. Kaa peke yako, keshokutwa urudi tupime tena."

Mnadhani alirudi? Thubutu! Alikiokota kile kipimo mezani, akakitia mfuko wa shati, akawa anakionyesha njia nzima kama kitambulisho.

Alhamisi tukaanza kuchambua tumbaku, kutenga majani kwa ubora. Wanaoijua kazi hii wanajua: chumba hufungwa, maana upepo ukiingia majani yanakauka na kuvunjika. Tulikuwa watu saba, goti kwa goti. Xavery akaingia anakohoa.

"Shemeji, si ungelala kwanza?" nikamwambia.

"Mama Esperansi, darasa lako la saba linakusumbua. Hesabu hapa!" Akanisogezea kile kidude usoni. "Ni mingapi?"

"Mmoja. Lakini nesi alisema urudi."

"Nesi amekosa wa kupiga naye soga."

Chumba kizima kikacheka. Nami, mjinga mwenzao, nikacheka. Nikakumbuka maneno ya bombani, nikamwacha Esperansi akae ubavuni mwa baba yake mkubwa, akimpangia majani.

Jumapili, tukitoka misani, mtoto akabanwa. Jumatatu tulikuwa hospitali Tabora mjini, ana mpira wa oksijeni puani, mbavu zinahesabika. Walimpima: mistari miwili, yaani anayo korona.

Xavery akatufuata. Mnajua alileta nini? Si uji, si machungwa. Alileta kipimo chake!

"Dokta, asije mtu akasema ni mimi. Huu hapa mstari wangu."

"Wa lini?" daktari akauliza.

"Wa Jumatatu."

"Jumatatu hii?"

"Ile iliyopita."

Daktari hakubishana naye. Akampima palepale mlangoni. Mistari miwili, wa pili umefifia, lakini upo.

"Hiki cha leo ni kibovu," Xavery akasema.

Jamani! Kilichompendeza ni kizima, kilichomuumbua ni kibovu. Mtu mzima, ana mvi!

Siku tisa nililala sakafuni chini ya kitanda cha mwanangu, nikihesabu pumzi zake. Siku ya kumi akaondolewa oksijeni. Tuliporudi nyumbani, Xavery akapiga hodi na kilo ya sukari. Esperansi akavuta kanga yangu, akaziba pua.

"Mama, kabla hajaingia, muulize leo amepata mistari mingapi."

Sikucheka.

FUNZO

Kipimo cha haraka kinasaidia, lakini kina mipaka yake. Kikisema una korona, amini. Kikisema huna, na mwili unasema unaumwa, ngoja upime tena. Sikusoma sana, ila haya nimeyalipia kwa mbavu za mwanangu. Basi epukeni:

Kupima siku ya kwanza ya homa, kisha kujitangaza mzima.
Kutembea na kipimo cha wiki iliyopita.
Kudharau mstari uliofifia.
Kupima mmoja na kuhesabu nyumba nzima iko salama.
Kukaa na anayekohoa kwenye chumba cha tumbaku kilichofungwa.
Kucheka kwa sababu wengine wanacheka.