Mchumba Aliyepitia Mlango wa Jikoni

"Boniface?"

Sinia la sambusa nusura limponyoke. Boniface, shati jeupe na tai nyeusi ya wahudumu, aliinua macho akakutana uso kwa uso na Chebet, mpenzi wake wa miezi minane.

Ilikuwa Jumamosi mchana, kiangazi cha 1998, kwenye nyumba kubwa ya Cherono, shangazi yake Chebet, kule Bowie, Amerika. Cherono alikuwa ameita wageni wamwone Ezekiel, daktari wa meno mwenye Lexus, ambaye shangazi huyo alitaka amwoe Chebet.

Chebet alimvuta Boniface hadi jikoni.

"Si uliniambia uko ofisini? Ati kompyuta kumi zinakungoja!"

"Nisamehe. Sina ofisi. Naosha vyombo mgahawani Annandale, na wikendi nahudumu kwenye sherehe za watu. Leo nimetumwa hapa bila kujua ni kwa shangazi yako."

"Na ile suti unayovaa tukitoka?"

"Ya Tobias. Tunakaa naye chumba kimoja."

Kicheko kilimponyoka Chebet, kisha machozi yakafuata.

"Miezi minane, Boni! Kwa nini?"

"Kile kitabu tulichosoma pamoja darasani chuoni, cha yule bwana aliyejitajirisha ili apendwe na mwanamke. Mwalimu aliuliza, angekuwa maskini angependwa? Darasa zima likasema hapana. Halafu ukanisimulia jinsi nyumba ya shangazi yako ilivyo kubwa. Nikaogopa."

"Mimi nilisema nini siku hiyo?"

Boniface aliinamisha kichwa.

"Ulisema yule bwana hakuwahi kumuuliza huyo mwanamke mwenyewe."

"Sasa si uniulize!"

Mlango ukafunguka. Cherono huyo, kitenge kinameremeta.

"Chebet! Wageni wanakungoja, wewe unapiga stori na waiter?"

"Shangazi, huyu ndiye Boniface."

"Yule wa kompyuta?"

"Shikamoo mama," Boniface alisema. "Kompyuta nilidanganya. Naosha vyombo, na jioni nasomea uuguzi pale chuoni. Huo si uongo. Nampenda Chebet, na huo pia si uongo."

Cherono aliitazama mikono ya Boniface iliyochubuliwa na sabuni. Halafu akavuta kiti, akaketi na kucheka mpaka kilemba kikalegea.

"Mimi nilisafisha vyoo vya hoteli miaka sita," alisema. "Na barua za nyumbani Kericho nilikuwa naandika kwamba nina sekretari wawili!"

"Shangazi!"

"Nyamaza. Nenda wewe mwenyewe umwambie Ezekiel. Mimi naona aibu."

Chebet alijifuta macho, akaenda sebuleni.

"Daktari, umekuja kwa heshima, nami nakujibu kwa heshima. Moyo wangu uko jikoni."

Ezekiel alipepesa macho.

"Basi huo moyo uniletee sambusa," alisema hatimaye. "Siwezi kukosa vyote viwili."

Nyumba nzima ikaangua kicheko, na Ezekiel akala sambusa saba.

Pale jikoni Boniface alipiga goti, tai ya wahudumu ikiwa bado shingoni.

"Chebet, utakubali kuolewa na mwosha vyombo?"

"Nakubali kuolewa na Boniface. Inuka, sakafu iko na mafuta."

Usiku uleule Chebet alimpigia simu baba yake Kericho, ambako kulikuwa kumekucha.

"Baba, nimepata mchumba. Ni Mtanzania."

"Ana kazi gani huko Amerika?"

"Anaosha vyombo, Baba. Na anasoma."

Laini ilikwaruza. Chebet aliubana mkono wa Boniface.

"Anakuchekesha?"

"Sana, Baba."

"Basi mpe simu nimsalimie mwanangu."