Siku Niliyoamua Kutomfundisha Mume Wangu

Nina umri wa miaka ishirini na tisa. Ni mwalimu wa darasa la tatu katika shule moja ya msingi hapa Garissa, na nimeolewa miaka sita sasa. Haya ninayoyasimulia nimewahi kuwaambia watu watatu tu, na mmoja wao ni mume wangu mwenyewe. Naandika kwa sababu najua kuna msomaji ambaye leo hii amemnunia mtu wa nyumbani kwake na amefunga mdomo. Huyo ndiye ninayemwandikia.

Nianze polepole ili tuelewane.

Mimi na mume wangu, Mutua, ni watu wa upande wa Mwingi. Yeye ni fundi wa pampu za maji. Kila Desemba shule zikifungwa tulikuwa tukienda kwao kusherehekea Krismasi na mama yake. Lakini mwaka ule wa mvua kubwa, mwaka wa tisini na saba, hatukwenda. Mto Tana ulivunja kingo, barabara ikamezwa na maji, na mji wetu ukawa kisiwa. Msomaji ambaye hajafika huku aelewe kwamba Garissa mvua ni mgeni wa siku mbili tatu. Mwaka ule mgeni alikuja na magunia yake akahamia.

Basi tukabaki ndani, mume na mke, wiki tatu, katika vyumba viwili vya mabati. Mwanzoni ilikuwa raha. Tulicheza drafti kwa vifuniko vya soda. Tulipika maharagwe, tukala maharagwe, tukacheka juu ya maharagwe. Jioni tulifukiza mavi ya ng'ombe kufukuza mbu, maana mbu walikuwa wengi hata ukipiga miayo unameza.

Upande wa pili wa ua wetu wa miti aliishi Mama Hawa, Msomali, mwenye mbuzi wapatao ishirini. Mumewe alikuwa amepeleka ngamia sehemu za juu zisizofikiwa na mafuriko. Mama Hawa aliniita abaayo, yaani dada, nami nilimpenda kama dada.

Siku mbili kabla ya Krismasi aliniita pale uani. Mbuzi wake watatu walikuwa wamelala ubavu. Wengine walikuwa wametoa mimba, wote ndani ya wiki moja. Pua za wale waliolala zilikuwa na damu.

"Abaayo, ona," akaniambia. "Hii si baridi. Hii ni sandik. Baba yangu aliijua hii zamani. Mbuzi ikitoka damu bua, hakuna chinja, hakuna gusa damu yake. Hata mtu akikuba bure, sema hapana. Umesikia?"

Nikamwambia nimesikia.

"Ambia na mzee yako."

Nikamwambia nitamwambia.

Wasomaji wenzangu, nilisikia vizuri. Nataka mlijue hilo kabla sijaendelea.

Siku iliyofuata tukagombana. Kilichotugombanisha kilikuwa kidogo cha kuaibisha. Mutua alikuwa akijaribu kuwasha jiko kwa kuni mbichi, nami nikaanza kumweleza jinsi ya kuzipanga ili hewa ipite chini. Nina tabia hiyo, ndiyo kazi yangu. Akaweka kiberiti chini.

"Mwalimu," akasema, "wiki tatu sasa. Umenifundisha kukunja shuka. Umenifundisha kumenya kitunguu. Kesho ni Krismasi. Nipe zawadi moja tu. Siku moja usinifundishe kitu."

Pengine alikuwa akitania nusu. Alikuwa amemkumbuka mama yake, na maharagwe yalikuwa yamemchosha. Lakini mimi niliumia. Nikamjibu kwamba zawadi ameipata.

Nikafunga mdomo. Na ule ujumbe wa Mama Hawa ukabaki ndani yangu, chini ya hasira.

Asubuhi ya Krismasi Mutua alitoka kwenda kutazama pampu moja pembeni mwa mji. Alirudi uso umefunguka, anamkokota mbuzi dume kwa kamba. Mfugaji aliyemtengenezea pampu alikuwa amempa mbuzi huyo kama shukrani.

"Leo tunakula kama watu," akasema.

Yule mbuzi alisimama mlangoni huku miguu ikitetemeka. Nilimtazama puani. Palikuwa na ute, na ndani ya ute palikuwa na uzi mwembamba wa damu...

 Nilijua. Je, nilihitaji maneno mangapi? Matatu? Mawili? Nilifungua mdomo, kisha nikasikia ile sauti yake ya jana, "siku moja usinifundishe kitu," nikaufunga tena. Nikajiambia labda ni jeraha la kamba. Nikajiambia atauona mwenyewe, si ana macho?

Si ana macho. Maneno hayo sitayasahau hadi nife.

Huku kwetu sisi Wakristo tukiwa na mbuzi humwita jirani Mwislamu achinje, ili majirani wote waweze kula. Mutua aliuliza kama mume wa Mama Hawa amerudi. Nikasema hajarudi, na hilo lilikuwa kweli. Lakini Mama Hawa mwenyewe alikuwa hatua kumi kutoka pale, nyuma ya ua, akifagia. Ningemwita tu jina. Sikumwita.

Mbuzi akapiga magoti. Mutua akaogopa kwamba atamfia na kuwa mzoga, akashika kisu upesi. Akaniomba nimshikie miguu.

Nikamwambia mikono yangu ina unga.

Akamkandamiza kwa goti peke yake, na katika kuhangaika huko kisu kikamteleza kikamkata kidole gumba. Damu yake ikachanganyika na ya mbuzi. Alicheka, akakinyonya kile kidole, akaendelea kuchuna. Nami nilisimama mlangoni nikitazama, mikono yangu myeupe kwa unga.

Nyama ilipoiva, alinijazia sahani. Nikasema jino linaniuma.

Mnaona sasa? Hasira peke yake ingesameheka. Lakini mimi nilikuwa nimeogopa kiasi cha kujilinda, na sikuogopa kiasi cha kumlinda yeye. Nilimtazama akila, akinisifia pilipili, na kila tonge nilitaka kusema. Tonge la kwanza nilishindwa kwa kiburi. La pili nilishindwa kwa aibu ya lile la kwanza. Hivyo ndivyo ukimya unavyojengwa, ndugu zangu. Kila dakika unayongoja, mlango unazidi kuwa mzito.

Siku ya nne aliamka na homa. Akasema ni malaria, kila mtu alikuwa na malaria. Siku ya sita mgongo na macho vilimuuma hata hakutaka mwanga. Kisha akatema mate asubuhi, na mate yalikuwa mekundu. Ufizi wake ulikuwa ukivuja damu.

 Nikamkumbuka yule mbuzi na pua yake.

Nilimpeleka hospitali kwa mkokoteni wa punda, maji yakifika kwenye ekseli. Wodi ilikuwa imejaa. Daktari, kijana mpole, aliniuliza maswali, akafika kwenye lile nililoliogopa. Je, huyu mgonjwa ameshika mnyama mgonjwa, au damu ya mnyama, siku za karibuni?

Nikamjibu sijui.

Sijui! Mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni!

Niliogopa kila kitu. Niliogopa wataniuliza kwa nini sikusema. Niliogopa Mutua, aliyekuwa amelala hapo macho yamefumba, atasikia. Nikakaa kando ya kitanda chake siku mbili nikitazama damu ikijitokeza upya kila nilipomfuta mdomo. Nesi alikuwa akimfuta pia, kwa mikono mitupu, na kila alipomgusa nilimhofia. Hata hivyo sikusema.

Aliyenitoa shimoni ni Mama Hawa. Ramadhani ilikuwa imeingia, naye alikuwa amefunga, lakini alitembea kwenye tope na chupa ya chai kwa ajili yangu. Alimtazama Mutua mdomoni. Kisha akanitazama mimi.

"Abaayo. Alichinja?"

Nikainamisha kichwa.

"Ulimwambia maneno yangu?"

 Nilianza kulia. Nilidhani atanitukana, na ningependa anitukane. Alinishika mkono tu, akaniinua.

"Lia ukitembea," akasema. "Twende kwa daktari."

Nilisema yote. Daktari hakunikemea. Alinieleza kwa utulivu, nami nawaeleza ninyi vilevile. Nyama iliyoiva vizuri haikuwa hatari kubwa. Hatari kubwa ilikuwa damu mbichi na kile kidonda. Dawa ya kuua ugonjwa wenyewe hakuwa nayo, lakini sasa alijua anapigana na nini, na wauguzi walivaa glavu kuanzia saa ile. Siku nyingi nilimchunguza yule nesi kila alipoingia, natafuta homa usoni mwake. Mungu alimhifadhi.

Mutua hakufa. Damu ilikoma, homa ikashuka, tukarudi nyumbani. Baadaye tulisikia redioni jina la ugonjwa ule, homa ya Bonde la Ufa, na kwamba umeua watu na mifugo sehemu zetu zote. Nilidhani nimesamehewa.

Wiki ya tatu tangu augue, Mutua alikuwa ameketi nje akijaribu kufunga nati ndogo ya pampu. Iliangukia mbele ya mguu wake. Aliipapasa kama mtu aliye gizani, na jua lilikuwa kali. Akasema katikati ya macho yake pana doa jeusi. Kitu akikitazama, kinapotea.

Daktari alisema ugonjwa ule hufanya hivyo kwa watu wengine, na kwamba pengine hali hiyo haitaondoka. Haijaondoka mpaka leo.

Siku ile ndipo nilipomwambia. Nilipiga magoti kwenye mkeka mbele yake, nikasema kila kitu... Mama Hawa, uzi wa damu, unga, jino.

Aliuliza jambo moja kwanza.

"Jino halikuwa likiuma?"

"Halikuwa."

"Miaka minne nakuomba uache kunifundisha," akasema polepole. "Siku uliyonisikiliza ndiyo hiyo."

Kisha akageuza uso wake kabisa, akatazama lango.

Nikaelewa. Ndoa imekwisha. Nilinyanyuka kwenda kufunga nguo zangu.

"Unakwenda wapi? Rudi ukae ulipokuwa."

"Hutaki hata kunitazama, Mutua."

"Nakutazama. Nikikuelekezea macho, uso wako ni shimo. Nikitazama lango, nakuona kwa pembeni. Tulia hapo nikuone. Nimekasirika, nataka nikuone nikiwa nimekasirika."

Nikakaa. Alikuwa na hasira kwa miezi mingi, na alikuwa na haki. Lakini hakunifukuza. Sasa mimi ndiye ninayemfungia nati ndogo, yeye akinielekeza. Ananifundisha, nami nafundishika.

Msomaji mwenzangu, ikiwa una jambo unalolijua na mwenzako halijui, mwambie. Mwambie hata ukiwa umenuna. Mwambie kwa sauti mbaya, ataisamehe sauti. Na kama tayari umechelewa kama nilivyochelewa mimi, usikate tamaa, mwambie leo, kwa maana kesho itakuwa vigumu zaidi. Mimi ningeweza kumwokoa mume wangu kwa maneno mawili: "Mwache huyo." Niliyameza, na sasa kila asubuhi anapoamka hutazama ukuta ili aone uso wangu.