Herufi Iliyosimama Kichwa Chini

Mgahawa ule wa London ulifurika watu mchana huo wa Machi 1934. Maud Threlfall aligongwa begani, na chai yake yote ikamwagikia koti la kijivu la mwanamume mmoja mrefu.

"Samahani," alisema, sauti imepooza. Tangu amzike mama yake mwezi wa Januari, hakuna kilichomshtua.

"Koti si kitu. Hizi ndizo zingenitoa roho!" Mwanamume aliinua karatasi za chapa ya majaribio, zilizongoja kusahihishwa. Maud akaitambua ile tamthilia ya kale aliyokuwa akiinakili maktabani, herufi kwa herufi, kutoka nakala pekee iliyosalia.

"Kumbe wewe ndiye mpanga herufi wa kiwanda cha chapa?"

"Cuthbert Oram. Na wewe ndiye yule katili anayenikataza kurekebisha makosa?"

"Makosa hayo yana miaka mia tatu na arobaini, bwana. Yape heshima yake."

Wakazoeana. Oram alimwita Maud Profesa. Maud akamwita Vidole Vyeusi, maana wino haukutoka kwenye kucha zake. Jumapili walitembea bustanini, Maud na kofia yake ya buluu, Oram akitafuna maandazi.

"Unanipenda, Profesa?"

"Sijui. Ila ukichelewa natazama mlango."

Mwezi wa Mei nakala mia mbili zilikuwa tayari zimeshonwa. Ukurasa wa thelathini na moja, mchapaji wa kale alikuwa amepanga herufi moja kichwa chini. Katika chapa mpya, iliyopaswa kufuata ya kale hata kwa makosa yake, herufi ilisimama wima. Oram aliigeuza baada ya Maud kutia sahihi ya kuidhinisha kurasa. Profesa Lumley, msimamizi wa kazi, alikitupa kitabu mezani akamfukuza Maud papo hapo. Maud aliamini Oram alikuwa akiicheka kazi yake muda wote. Akavaa koti, akaondoka. Hata hasira hakuiona.

"Bi Threlfall, simu!" mama mwenye nyumba aliita. "Yule Oram tena!"

"Mwambie nimelala."

"Saa tano asubuhi?"

Siku ya nne ilifika barua ya Lumley: arudi kazini, Oram amekiri kosa ni lake. Maud akapiga simu kiwandani.

"Oram?" akajibiwa. "Kafukuzwa. Anahamia Leeds leo."

Alimkuta chumbani kwake akifunga sanduku kwa kamba.

"Kwa nini uliigeuza?"

"Mkono ulijiendea, mpenzi. Miaka ishirini nanyoosha herufi. Nilidhani nakusaidia."

"Ungeniuliza."

"Kweli. Ningekuuliza." Akaketi juu ya sanduku. "Basi leo nakuuliza. Nimepata kazi Leeds. Utakubali nikuoe?"

Maud alijitafuta ndani, akakuta kimya.

"Cuthbert, mimi sisikii kitu. Mama alikufa sikutoa hata chozi. Utaoa gogo."

"Gogo lililopanda ghorofa nne kunifuata?"



"Leeds kuna maktaba?"

"Ipo."

"Haya. Nioe."

Alilitamka kama mtu anayeuliza saa. Oram alipomkumbatia, Maud alisimama wima, mikono imening'inia. Kisha Oram akainama amalizie kufunga kamba, akashindwa kufika: Maud alikuwa ameushika mkono wa shati la Oram, na vidole vilikuwa vimekataa kuachia.