Sukari Iko Kopo Gani?

Salha na familia yake wamehamia nyumba mpya leo. Mvua imewanyeshea njiani. Karatasi za majina kwenye makopo zimebanduka zote!

Kopo moja lina sukari. Moja lina chumvi. Moja lina magadi ya kulainishia maharage. Vyote vyeupe pe!

"Ng'aa! Ng'aa!" Mdogo wake, Sudi, ana njaa. Uji umeiva, lakini Sudi hanywi uji usio na sukari.

"Nionje, Shangazi?" Salha anauliza.

"A-a, mwanangu. Magadi yanachoma ulimi. Kitu usichokijua hakionjwi," anasema Shangazi Rukia. "Tucheze. Kitendawili!"

"Tega!"

"Wako watatu, wote weupe. Yupi ni Sukari? Ukishindwa, unanipa mji."

Salha anapenda vitendawili. Kutoa mji hapendi hata kidogo.

Anachota kidogo kidogo, anaweka kwenye visahani vitatu.

*Mweupe, mweupe, u nani?*
*Toka, toka koponi!*

Shangazi anakamua ndimu. To! To! To!

Kisahani cha kwanza, kimya. Cha pili, kimya. Cha tatu... chwiiii! Povu!

"Magadi!" Salha anaruka. "Yamejisema yenyewe!"

Yamebaki makopo mawili. Salha anachota tena, anatia maji. Koroga, koroga. Hiki kinayeyuka. Na hiki kinayeyuka. Lo!

"Ng'aa! Ng'aa!"

Salha anataka kulia naye. "Shangazi, nikupe mji?"

"Mji gani?"

"Tanga."

"Tanga pazuri! Haya, nilipokwenda Tanga..."

Salha anamwona sisimizi ukutani. Anatembea zake taratibu.

"Ngoja, Shangazi! Tanga sikupi!"

Anamwaga punje za kopo hili kizingitini. Pembeni anamwaga za kopo lile. Anachuchumaa. Ananong'ona.

*Mweupe, mweupe, u nani?*
*Toka, toka koponi!*

Sisimizi anakuja. Anapita huku. Anageuka. Anakwenda kule. Mara wenzake nao, tiki tiki tiki, wote upande mmoja!

"Hiyo ndiyo sukari!"

"Umetegua!" Shangazi anacheka. "Mji nimeukosa."

Kijiko kimoja cha sukari. Koroga, koroga. Sudi anakunywa. Glu, glu, glu. Anamchekea dada yake, mdomo umejaa uji. Salha anafurahi, anafurahi sana.

Giza linaingia. Sudi amelala fofofo. Salha naye anasinzia.

Kizingitini, sisimizi bado wanabeba sukari. Wanawapelekea wadogo zao.