Kibao cha Saba Hadi Tisa

Ndugu zangu mnaotumia barabara kila siku, kwa miguu, kwa baiskeli, kwa bodaboda au mkiwa mmeshika usukani, naomba mnisikilize. Haya yalitokea katika ua wetu hapa Dodoma, na siku ile mbaya mimi mwenyewe nilikuwa ndani ya bajaji.

Ua wetu ulikuwa na amani. Vyumba vya mbele waliishi Romani na mkewe Domitila. Romani ni mtu wa Chemba, mwenye lugha ya kwao inayoalika kwa ulimi, na ni dereva wa basi la abiria la mjini. Upande wa pili wa bomba aliishi Faridi, mtu wa Busi, mwenye bajaji ya njano aliyoiandika kiooni kwa herufi kubwa: SINA HARAKA. Mimi nilipanga chumba cha pembeni nikisubiri ajira, na wote waliniita Msomi.

Kila asubuhi Romani na Faridi walitaniana wakati wa kupiga mswaki.

"Jirani," Faridi alisema siku moja, "jana ulikuwa unaongea kikwenu au ulikuwa unavunja karanga kwa ulimi?"

"Nilikuwa namwambia mama watoto kwamba mkoromo wako unashinda injini yako."

"Mama watoto! Watoto wenyewe wako wapi?"

"Huyu hapa anakuja," Domitila alijibu, akishika tumbo kwa kicheko. "Na nyinyi mtanizalisha kabla ya siku."

Ilikuwa miaka tisa tangu wafunge ndoa. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika. Hii ya tatu ilifika mwezi wa nane, na ua mzima uliihesabu siku kwa siku. Wanawake aliokuwa akivuna nao zabibu kule Makutupora walimletea vichala ndani ya ndoo, naye alikula huku akitugawia. Jambo moja tu lilitutia hofu: presha yake ilikuwa inapanda. Kliniki walimwambia hivi: "Ukiona kichwa kinauma sana au macho yanaona ukungu, njoo saa hiyo hiyo. Usisubiri hata uji uchemke."

Nikawa nalala sikio moja likiwa wazi.

Kisha barabara ya kushukia mjini ikachorwa mistari mipya. Upande wa kushoto ukawa wa mabasi kwa saa fulani, na saa nyingine ukawa wa wote. Vikasimikwa vibao viwili. Cha juu, karibu na mtaa wetu, kiliandikwa: MABASI TU 7–9. Cha chini, karibu na hospitali, kiliandikwa: MABASI TU 1–3. Basi. Hapakuwa na neno asubuhi wala mchana.

Msomaji, simama hapo kidogo uone mtego. Romani alikisoma kibao cha juu kwa saa za kizungu, kama zilivyo kwenye simu yake: saba mpaka tisa, yaani saa moja hadi saa tatu asubuhi. Akashuka mpaka cha chini, akakisoma kwa saa zetu: saa moja hadi saa tatu. Vikakubaliana. Faridi naye alikisoma cha juu kwa saa zetu: saa saba hadi saa tisa mchana. Cha chini akakisoma kwa saa za kizungu: moja mpaka tatu, yaani saa saba hadi saa tisa mchana. Kwake pia vikakubaliana! Vibao vilikuwa mashahidi wawili, na kila mtu alikuwa na mashahidi wote wawili upande wake.

Kwa hiyo asubuhi Faridi alipita kwenye njia ya mabasi akijua ana haki, na Romani alimpigia honi akijua ana haki.

"We Faridi, hujui kusoma?" Romani alimuuliza jioni ya kwanza, mbele ya bomba.

"Nimesoma vizuri. Saba ni saba. Mama yako alikufundisha saba ni asubuhi?"

"Mama yangu usimtaje."

"Basi na mimi usinipigie honi kama mbuzi."

Domitila alitoka na mwiko mkononi. "Jamani, si mkaulize kwa waliokisimika? Kuuliza kunauma wapi?"

Hawakwenda. Romani alisema dereva wa miaka kumi na minne hawezi kwenda kuuliza maana ya kibao. Faridi alisema mwenye haki haombi ruhusa. Na mimi? Mimi niliviona vibao vyote viwili nikiwa nakwenda kwenye usaili, na mtego wake niliuelewa. Lakini nilijiambia mimi ni mpangaji, tena mdogo kwao, ugomvi wa wakubwa unanihusu nini. Nikanyamaza. Ukimya huo naubeba mpaka leo.

Ugomvi ulitoka uani ukaenea barabarani. Bajaji zikaanza kujipanga tano tano mbele ya mabasi na kutembea mwendo wa kobe. Madereva wa mabasi nao wakabuni kisasi walichokiita "kufunga mlango": ukiona bajaji nyuma yako kwenye njia yenu, unasimamisha basi mshazari, mbele haiendi, na nyuma tayari basi lingine limeiziba. Romani akawa bingwa wa kufunga mlango. Wenzake walimpongeza kijiweni. Nyumbani, wiki tatu zikapita yeye na Faridi hawasalimiani. Utani wa bombani ukaisha. Domitila akala zabibu zake peke yake.

Ilikuwa Agosti, upepo wa Dodoma ukivuma na vumbi lake jekundu. Saa moja na nusu asubuhi nilisikia sufuria ikianguka. Nilimkuta Domitila ameketi sakafuni, uji umemwagika, mkono usoni.

"Lea," aliniita kwa jina langu, na hilo tu lilinitisha. "Sikuoni vizuri. Una ukungu."

Nilimpigia Romani simu. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Dereva mzuri hashiki simu akiendesha, na Romani alikuwa dereva mzuri.

Faridi alikuwa anafuta vumbi kwenye bajaji yake. Nilimwita. Alitupa kitambaa, tukambeba Domitila, akashusha turubai pande zote ili vumbi lisimpige mgonjwa, tukaondoka.

Njia ya kawaida ilikuwa imejaa, magari hayasogei. Faridi aliwasha taa, akashika honi bila kuiachia, akaingia kushoto. Tulikwenda vizuri. Nikaanza kupumua. Kisha mbele yetu nikaona basi, na kabla sijalitambua, likageuka ghafla na kusimama mshazari. Nyuma yetu basi lingine likaja likasimama. Mlango ulikuwa umefungwa.

Dirisha la dereva likafunguka, kichwa cha Romani kikatokeza. Turubai lilikuwa chini. Alichokiona ni maandishi ya kiooni tu.

"Si umeandika mwenyewe huna haraka?" alipaza sauti. "Subiri basi!"

Abiria wakaangua kicheko.

"Romani, fungua! Nina mgonjwa!" Faridi alilia.

"Kila siku una mgonjwa! Juzi ulikuwa na mgonjwa wa kwenda sokoni!"

Hapo mwili wa Domitila ukakakamaa mikononi mwangu. Meno yakaumana, macho yakageuka. Nilipiga yowe ambalo sikujua ninalo. Nikapasua turubai, nikaruka chini, nikapiga mlango wa basi kwa ngumi mbili.

"Kaka Romani! Ni Domitila! Ni mke wako!"

Sijawahi kuona uso wa mtu ukizimika namna ile. Aliwasha injini, akajaribu kunyoosha basi, lakini bajaji nyingine zilikuwa zimekuja mbele yake kumlipizia, zimembana. Alikuwa amefunga mlango, na sasa wengine walikuwa wamemfungia yeye. Alishuka akakimbia huku na huku akiomba, "Ndugu zangu, sogeeni! Nawaomba!" Waliokuwa mbele hawakujua kuna nini, na waliojua, kule nyuma, hawakuweza kusogea.

Waliotuokoa ni wale wale abiria waliocheka. Walishuka wote, akina mama na vitenge vyao, wafanyakazi na vitambulisho shingoni. Wakaishika bajaji, wakainyanyua na mgonjwa wake ndani, wakaivusha ukingo wa zege hadi njia ya waenda kwa miguu. Faridi akaendesha humo, mimi nikimshika Domitila, Romani akikimbia nyuma yetu hadi hospitali.

Mapokezi, muuguzi alimpa Romani fomu. Kwenye mstari wa muda wa kufika akaandika: 2:10.

Muuguzi akaitazama. "Samahani kaka. Saa zetu au za kizungu?"

Romani alimtazama dada yule kama aliyepigwa. Kisha akakaa chini, pale pale sakafuni, akalia.

Domitila alipona. Mtoto, wa kike, hakupona. Romani alimfuata daktari na kumuuliza kama dakika zile za barabarani ndizo zilizomuua. Daktari alisema, "Sijui, ndugu yangu. Siwezi kukudanganya kwa ndiyo wala kwa hapana." Na Romani anaishi na hiyo sijui.

Baada ya msiba, yeye, Faridi na mimi tulikwenda kwenye ofisi husika. Mhandisi alitusikiliza, akachukua kalamu, akaviandika vibao vile kwenye karatasi, kimoja chini ya kingine. "Zaidi ya mwezi," alisema taratibu. "Hakuna hata mtu mmoja aliyekuja kuuliza." Wiki iliyofuata vibao vikabadilishwa: MABASI TU, SAA 1 HADI SAA 3 ASUBUHI. Romani ndiye aliyekuwa sahihi. Aliposoma kibao kipya aligeuza uso, kwa kuwa usahihi wake haukumfaa kitu.

Faridi alikwangua maneno ya kiooni kwa wembe. Asubuhi moja, mbele ya bomba, alimpokea Domitila ndoo ya maji. "Pole, shemeji," alisema. Romani akamsogezea kigoda akae. Ndiyo salamu yao ya kwanza pale bombani tangu ugomvi.

FUNZO

Ndugu zangu, anayeandika kibao cha barabarani aandike kama mtu anayezungumza na watu wanaohesabu saa kwa namna mbili, maana ndivyo tulivyo. Neno moja, asubuhi, lingetosha. Nasi tunaokisoma tusigeuze haki kuwa fimbo. Huwezi kujua nani yuko nyuma ya turubai. Mpishe kwanza, mbishane baadaye. Na wewe uliyeona kosa ukanyamaza kwa sababu ni mdogo, sema. Yule muuguzi alitumia maneno machache tu, akauliza bila kuona haya. Sisi tulikuwa na wiki tatu.